HAKI YA ANAYESUGUA BENCHI



 

Wapenzi wanafunzi, bila shaka baadhi yenu mtashangaa kuona sisi tunaowasomesha fiqhi na mirathi tumechukua kurasa hizi kuandika habari za mpira wa kikapu. Mmezoea kutusoma katika mambo ya twahara, swala na adabu za kuishi na wazazi. Hata hivyo kiwanja cha kikapu nacho ni mahali ambapo watu hupeana haki au hunyimana, sawa na dukani, na wanaopeana na kunyimana humo ni nyinyi wenyewe. Katika madarasa yetu ya jioni wapo wanafunzi wasiopungua kumi waliosajiliwa katika timu za watoto hapa Dar es Salaam. Tangu viwanja vya Kidongo Chekundu vilipofunguliwa mwaka 2015, mchezo huu ambao zamani tuliuhesabu kuwa ni wa shule chache na wa vijana warefu wa Upanga, tunauona ukiingia mpaka kwa watoto wa uswahilini. Wanatujia kusoma Juzuu Amma huku raba zimefungwa kamba na kuning'inia begani.

Suala letu ni moja tu. Mtoto aliyesajiliwa, akalipiwa ada, akahudhuria mazoezi, anastahiki kucheza kwa dakika ngapi?

Kwa wasioujua mchezo huu, mechi kamili kwa kanuni za shirikisho la dunia, FIBA, ina robo nne za dakika 10 kila moja. Wachezaji 12 wanaandikwa, watano wanaingia kiwanjani, na saba wanabaki akiba, ndio hao ambao vijana husema wanasugua benchi. Jambo la kuzingatia sana ni kwamba katika kikapu kubadilisha wachezaji hakuna kikomo. Aliyetoka anaweza kurudi, akatoka tena, akarudi tena. Kocha wa mpira wa miguu anaweza kusema nafasi za kubadilisha zimekwisha. Kocha wa kikapu hana udhuru huo.

Yupo mwanafunzi wetu mmoja wa miaka 12. Mama yake alikuja kutuomba ruhusa mwanawe akose darasa la Jumapili asubuhi kwa ajili ya mechi za ligi ya watoto. Tukamruhusu, kwa sharti kwamba somo la tajwidi atalilipa Jumatatu baada ya Isha, na kwa kweli alilipa. Miezi ikapita. Siku moja tukisahihisha madaftari ya hadithi tukaligeuza la kwake, tukakuta kurasa ya nyuma imeandikwa kwa penseli, mstari mmoja kwa kila mechi: dakika 0. Dakika 0. Dakika 2. Dakika 0. Dakika 0. Dakika 4. Dakika 0. Dakika 1. Dakika 0. Mechi tisa ni dakika 360 za mchezo, naye kacheza dakika saba. Hakuandika lawama yoyote, wala hakuwa amelileta kwetu kulalamika. Alikuwa anaweka hesabu tu, kwa mwandiko uleule mzuri anaonukulia hadithi. Kumbe tulimruhusu akose darasa ili akacheze, naye alikuwa akikosa darasa ili akakae.

Mama yake tulipomuuliza, alisema maneno ambayo hatujayasahau: "Ustadhi, mimi natoa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, nakwenda kumtazama mwanangu kashika chupa za maji za wenziwe."

Tukamfuata kocha. Hatumtaji yeye wala timu yake, kwani ni mtu mwema, anajitolea, na pengine mfukoni mwake hutoka pesa ya mpira kabla ya pesa ya chakula cha mchana. Alitusikiliza kwa adabu kisha akatupa hoja zake, nazo si hoja za kupuuzwa. "Ustadhi," alisema, "haya ni mashindano. Nikimwingiza huyo kijana wanapita upande wake. Tukifungwa tunatolewa, na tukitolewa hata hao wazuri hawachezi tena. Mfadhili anayetununulia jezi haulizi nani kacheza, anauliza tumeshika nafasi ya ngapi. Na hawa wanaocheza vizuri wanakuja mazoezini kabla ya wote. Hao hawana haki?"

Wapo wanaodhani kwamba mwalimu wa dini akisikia hoja kama hizo atasema tu kuwa michezo ni upuuzi, watoto wote wacheze sawa, basi. Sivyo tunavyoona sisi. Mashindano yana asili katika sira. Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi pale Madina, na katika riwaya ya Ibn Umar (R.A.), ambaye naye alikuwa miongoni mwa walioshindana, tunaelezwa kwamba farasi waliotayarishwa kwa mbio walikimbizwa kutoka Al-Hafyaa mpaka Thaniyyatul Wadaa, mwendo wa maili tano au sita, na wale wasiotayarishwa walikimbizwa kutoka hapo Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq, yapata maili moja. Tazameni mpango huo. Hakuna aliyelazimishwa kukimbia na asiye kiasi chake, na hakuna farasi aliyeletwa akafungwa pembeni kuwatazama wenziwe. Kila kundi lilipewa mbio zake.

Wala dini haikukataza kuchagua. Wakati wa Uhud vijana wadogo walirudishwa nyuma. Vitabu vya sira vinasimulia kwamba Rafi bin Khadij aliruhusiwa kwa kuwa alikuwa mlenga mshale mzuri, na Samura bin Jundub aliporudishwa akasema yeye anamwangusha Rafi kwenye mieleka. Wakapambanishwa, Samura akamwangusha, naye akaruhusiwa. Ndiyo kusema kijana alikataliwa kwa sababu inayojulikana, akaomba kupimwa, akapimwa. Kocha anayemwambia mtoto siku ya usajili kwamba mwaka huu hujafikia, njoo mwakani, hajamdhulumu. Dhuluma inaanza pale mtoto anapopokewa, ada yake ikachukuliwa sawasawa na ya wenziwe, jezi akashonewa namba, halafu akasahauliwa. Kwa wale walioanza kusoma mlango wa biashara watakumbuka yale tuliyosema juu ya kuuza kitu kisichojulikana kiasi chake. Hatutoi hukumu hapa, hilo tunawaachia wanavyuoni, lakini mzazi anayelipa ada ana haki ya kujua analipia nini.

Hapo ndipo tulipomtajia kocha somo letu la mirathi, naye akacheka. Tukamwambia tunafananisha tu, hatufanyi kiyasi cha kisheria. Mnajua wanafunzi wa darasa la juu kwamba katika mirathi mafungu hayalingani. Yupo mwenye nusu, mwenye robo, mwenye thumni, mwenye sudusi. Lakini wapo warithi sita ambao hawazuiliwi na mrithi mwingine hata wawe wangapi: mume, mke, baba, mama, mtoto wa kiume na mtoto wa kike. Fungu la mmoja wao laweza kuwa dogo, lakini uwingi wa watu au ubora wa ndugu yake hauwezi kulifanya sifuri. Na utaratibu wake ni kwamba wenye mafungu maalumu wanapewa kwanza, kisha kinachobaki wanachukua asaba.

Tukachukua penseli. Watano kiwanjani kwa dakika 40 ni dakika 200 za kugawa. Ukizigawa sawasawa kwa watoto 12, kila mmoja anapata dakika 16 na sekunde 40. Hatukuomba hivyo. Tuliomba fungu moja tu kwa kila mtoto, robo moja nzima, dakika 10. Hizo ni dakika 120. Zinabaki 80, nazo ni za kocha, ampe amtakaye kwa juhudi yake na uwezo wake. Akizigawa zote kwa wale watano wake bora, kila mmoja wao anacheza dakika 26. Kocha akasema, sawa, lakini mechi inaamuliwa mwishoni. Tukahesabu tena. Robo tatu za mwanzo zina nafasi 15. Akiba wote saba wakichukua moja moja, zinabaki nafasi nane za wale watano wa mwanzo, na robo ya nne anaweza kuwapanga wote watano kwa pamoja. Aliitazama karatasi kwa muda. Alitwambia kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwekea hesabu hiyo, kila mzazi alikuwa akija kugomba tu.

Mafungu haya, ili yawe haki, yana sharti moja ambalo tulilisisitiza mno. Yajulikane kabla ya mechi. Kuna desturi imeenea ya kuwaingiza watoto wa benchi dakika mbili za mwisho, timu ikiwa imeshashinda kwa pointi 30 au imeshafungwa kwa pointi 30. Hayo ni makombo. Allah (S.W.) ametukanya katika Suratul Baqara, aya ya 267, tusikusudie kutoa vilivyo vibaya ambavyo sisi wenyewe tusingevipokea ila kwa kufumba macho. Mtoto anayeingizwa dakika hizo anajua fika kwa nini ameingizwa. Wenziwe nao wanajua, ndiyo maana hawampi mpira. Tumeshuhudia kwa macho yetu kijana akikimbia huku na huku dakika tatu nzima, mikono kainyoosha, na mpira haukumfika hata mara moja, hali akiwa peke yake chini ya kikapu. Robo ya pili, matokeo yakiwa bado yako sawa, ina thamani. Hapo akikosea pana maana, na akifunga pana maana.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliletewa kinywaji akanywa, na kuliani kwake palikuwa na kijana mdogo, kushotoni kwake wazee. Akamuomba kijana ruhusa awape wazee kwanza. Kijana akakataa, hakutaka kumpa mtu yeyote fungu lake lile litokalo kwa Mtume, naye Mtume (S.A.W.) akamkabidhi chombo mkononi. Kila tukiisomesha hadithi hii watoto huifurahia, watu wazima hunyamaza kidogo. Mtukufu wa viumbe alimuomba mtoto ruhusa kwa sababu zamu ilikuwa ya mtoto. Na mnaijua pia habari ya Nu'man bin Bashir, ambaye baba yake alimpa zawadi akataka Mtume (S.A.W.) awe shahidi, akaulizwa kama watoto wake wote amewapa mfano wake. Aliposema hapana, hakupata ushahidi alioutaka.

Tuseme pia neno juu ya elimu ya kocha kuhusu mtoto wa miaka 12. Wengi wanadhani wameshajua nani ana kipaji na nani hana. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam na Mtanzania wa kwanza kucheza NBA kule Marekani, aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa mwaka 2009, alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Hakeem Olajuwon, ndugu yetu Mwislamu kutoka Lagos, Nigeria, alicheza mpira wa miguu na mpira wa mikono kabla ya kikapu, na kikapu alikianza akiwa kijana mkubwa. Alitwaa ubingwa na timu ya Houston Rockets mwaka 1994 na 1995, na Februari 1995, mwezi ulioangukia Ramadhani, akatangazwa mchezaji bora wa mwezi katika ligi ile. Watafiti waliochunguza mpira wa magongo wa barafuni kule Kanada katika miaka ya 1980 waliona kuwa wachezaji waliochaguliwa wengi wao walizaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Sababu yake ni nyepesi. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wanasajiliwa pamoja, hali mmoja kamzidi mwenziwe karibu mwaka mzima wa kula na kukua. Kocha anaona kipaji, kumbe anaona miezi.

Mchezo wenyewe ulipozaliwa hapakuwa na benchi. Mwalimu James Naismith aliubuni Desemba 1891 katika mji wa Springfield, Marekani, akiwa na darasa la wanafunzi 18. Akawagawa tisa kwa tisa, wote wakacheza. Idadi ya watano ilikuja kuwekwa miaka michache baadaye. Na mpaka leo katika nchi kama Hispania na Italia, kanuni za mashindano ya watoto wadogo zinamlazimisha kocha ampe kila mtoto vipindi vyake. Hatusemi kila la Ulaya ni zuri, ila hili ni zuri.

Sasa tuwageukie nyinyi mnaocheza sana. Mmoja wenu, hodari kweli, alitujia baada ya darasa akatuuliza: "Ustadhi, mimi nafika mazoezini saa kumi na mbili asubuhi, yule anafika saa moja na nusu. Kwa nini nimpishe robo nzima?" Tukamjibu kwamba tofauti ya juhudi zao imo ndani ya zile dakika 80, ndiyo maana yeye anacheza 26 na mwenzake 10. Na kama mwenzake anachelewa mazoezini, kocha aweke sharti la mahudhurio lijulikane na wote, asiyelitimiza apunguziwe mbele ya macho yake, kwa sababu aliyoambiwa. Hakuridhika sana. Alikwenda zake akihesabu vidoleni, na sisi hatukumlaumu, maana swali lake lilikuwa la haki.

Na nyinyi mnaokaa benchi, subira ni ibada, lakini subira si kunyamaza mpaka uchukie mchezo, umchukie kocha na uanze kumdanganya mama kwamba unaumwa mguu. Nenda kwa kocha wakati wa mazoezi, si wakati wa mechi, msalimie, umuulize nini hasa unachopungukiwa. Samura aliuliza.

Wazee wetu nao wanaolisoma jarida hili watuwie radhi. Jumapili moja alisimama mzazi mmoja pembeni mwa kiwanja, mtu wa heshima, kofia kichwani, akapiga kelele: "Mtoe huyo mfupi! Mtoe!" Huyo mfupi alikuwa na dakika mbili tangu aingie. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka uleule na mke wa mzee yule, wanagawana karanga. Mama akaendelea kumenya karanga, hakuinua uso. Mtoto alisikia, kwa sababu mpira uliofuata aliuogopa, ukamponyoka ukatoka nje.

Kocha alikubali kujaribu hesabu yetu kwa timu ya chini ya miaka 13 peke yake. Kwa vijana wa chini ya miaka 16 alikataa, akasema hao wanajiandaa kwa UMISSETA na wanatazamwa na walimu wa shule kubwa. Hapo tunatofautiana naye kidogo, ila tunaelewa kwamba kadiri mtoto anavyokua ndivyo fungu lake linavyoweza kupungua na sehemu ya juhudi ikakua, na timu ya taifa haigawi dakika kwa mafungu. Mechi sita zilizofuata wadogo walishinda tatu wakafungwa tatu. Kabla ya hapo walikuwa wakishinda zaidi, hatutaficha. Katika mechi mojawapo waliyofungwa, kwa pointi nne, wazazi wawili walimzingira kocha wakamuuliza nani kamshauri upuuzi huo, naye kwa uungwana wake hakututaja. Nusu fainali aliirudia kanuni yake ya zamani, watoto wanne hawakuingia kabisa, na bado wakafungwa.

Tulikaa naye tena baada ya hapo, tukamwomba jambo moja tu, kwamba lolote atakaloamua liandikwe kwenye fomu ya usajili kabla mzazi hajatoa ada, hata kama ataamua kuwa nusu fainali na fainali fungu halipo. Fomu za msimu mpya zimeshatoka, na mmoja wa wanafunzi ametuletea yake tumsaidie kujaza tarehe ya kuzaliwa. Ni karatasi ileile ya zamani iliyotolewa kopi. Ila chini ya sehemu ya ada pameongezwa mstari kwa mkono, kwa kalamu ya buluu: chini ya miaka 13, kila mtoto robo moja, isipokuwa fainali.